Haradali Zilizonyamaza

Shemeji yangu Khatijabai hajawahi kukubali kosa kwa hiari yake. Nimemjua tangu siku aliyoolewa na marehemu kaka yangu kule Tanga, kwa hiyo nasema ninachokijua. Chumvi ikizidi, basi ni chumvi ya Kanada iliyo kali kupita kiasi. Akipotea njia, barabara ndiyo iliyohamishwa. Ndiyo maana Ramadhani ya mwaka jana, haradali zilipoacha kutatarika kwenye mafuta yake, hakuhitaji hata kufikiri. Mwenye kosa alikuwa mwenye duka.

Nieleze kwanza kazi yake. Katika jiko la kituo chetu cha ibada cha Thornhill, kando ya Toronto, wanaume ndio wanaopika. Wanabeba masufuria ambayo mtu mzima anaweza kuogea humo, wanakoroga, wanatoka jasho, wanajisifu. Lakini ile hatua ya mwisho ya kuunga dengu kwa viungo, ambayo sisi Makhoja tunaiita vaghari, ni ya Khatijabai peke yake tangu jiko lifunguliwe. Anaweka mafuta kwenye karai mpaka yapate moto, anatupa haradali, zikishapasuka anaongeza bizari nyembamba, pilipili kavu na majani ya kari, halafu anamimina vyote juu ya dengu la watu mia nne. Haradali zisipopasuka, dengu halina ladha. Zikipitiliza kwa muda wa kupiga chafya mbili tu, zinaungua, na sufuria zima linakuwa chungu kama shubiri.

Sasa, mwezi wa Ramadhani mpishi naye amefunga. Masheikh wamemwambia mara nyingi kwamba kuonja kwa ncha ya ulimi na kutema hakuvunji saumu. Yeye huwajibu kwamba wao wanazijua sheria na yeye anaujua ulimi wake. Kwa hiyo hapiki kwa kuonja. Kutazama nako hakusaidii sana, kwa sababu mvuke wa jiko lile hauruhusu mtu kuona kilichomo ndani ya karai. Khatijabai anapika kwa sikio. Anasimama na kichwa amekiinamisha upande, anazisikiliza haradali zinavyoanza moja moja, zinavyoshika kasi, zinavyopungua, na hapo hapo anamimina. Mimi kazi yangu ni kukata vitunguu, na kwa miaka ishirini na kitu nimemtazama akifanya hivyo huku machozi yananitoka. Yasidhaniwe ni ya mapenzi.

Siku ya tatu ya mfungo dengu lilitoka chungu. Watu walikula, wakanywa maji mengi, wakasema alhamdulillahi. Kesho yake Khatijabai akanipigia simu asubuhi.

"Dilawar, leta gari. Nina kilo nne za haradali za kurudisha dukani."

"Zina nini, Bhabhi?" Bhabhi ndivyo tunavyomwita mke wa kaka.

"Zimekufa. Hazilii."

Mwenye duka, mzee mpole wa Kisri Lanka, alizishika haradali, akazinusa, akanitazama mimi kana kwamba mimi ndiye mgonjwa. Hakubishana. Akampa mfuko wa namna nyingine, na Khatijabai akatoka amenyoosha shingo kama mtu aliyeshinda kesi. Siku ya sita akaziunga hizo mpya. Dengu likawa chungu zaidi ya lile la kwanza, na safari hii watoto walisukuma sahani mbele ya wazazi wao wakagoma.

Baada ya futari Aliakbar alikuja jikoni. Huyu ndiye mwenyekiti wa kamati ya jiko, mzee wa miaka sabini na mmoja, mtu mwema, mwenye kupenda mambo yaende kwa ratiba. Alitafuta maneno mazuri na aliyapata.

"Khatijabai, umetuhudumia miaka mingi. Mwenyezi Mungu akulipe. Sasa pumzika kidogo. Dengu la tarehe kumi na tano tutaagiza kwa wapishi wa Mississauga."

Tarehe kumi na tano Ramadhani ndiyo siku ya mazazi ya Imamu Hassan. Kwetu ndiyo furaha kubwa ya mwezi mzima: watoto wanavaa nguo mpya, ukumbi unapambwa, watu wanaopotea mwaka mzima wanaonekana. Kumwambia Khatijabai kwamba siku hiyo ataletewa dengu kutoka Mississauga ni kumwambia kwamba kazi yake imekwisha. Alivua aproni yake, akaikunja mara nne, akaiweka mezani. Nikamrudisha kwake kwa gari. Niliumia.

Siku ya saba mchana nilikwenda kwake pamoja na mjukuu wake Masoomah, anayemwita Nanima, yaani bibi, binti wa miaka ishirini na tano anayeelewa Kiswahili chote na kukijibu chote kwa Kiingereza. Tulipotoka kwenye lifti tulisikia king'ora cha moshi kinapiga. Tulipokaribia tukajua ni cha kwake. Masoomah alifungua mlango kwa funguo zake. Khatijabai alikuwa jikoni, mzima kabisa, amesimama mbele ya kikaango kinachofuka moshi, kichwa amekiinamisha upande, anangoja haradali zilie.

Masoomah alizima jiko, akapanda kiti, akakinyamazisha king'ora.

"Nanima, you didn't hear that?"

"Nilisikia kitu. Nikadhani gari la mtu linalia huko chini."

Nilifungua dirisha, baridi ya Machi ikaingia. Nilitaka kusema jambo, Masoomah akanizuia kwa macho. Yule binti ana akili kutuzidi sote. Aliosha kikaango, akaweka mafuta mapya, akangoja yapate moto, akatupa haradali kiganja kimoja. Kisha akauchukua mkono wa bibi yake, akaushikilia juu ya kikaango, kiganja kikitazama chini, juu kiasi cha kutoungua. Haradali zikaanza. Mimi nilizisikia nikiwa dirishani, ta, tata, tatata, zinaruka na kukipiga kiganja cha Khatijabai. Yeye alikitazama kiganja, akakitazama kikaango, halafu akanitazama mimi.

"Zinalia?"

"Zinalia, Bhabhi."

"Sana?"

"Sana."

Aliuondoa mkono, akaufuta kwa ncha ya mtandio, akakaa kwenye kiti.

"Basi yule mwenye duka nimemwonea," akasema.

Nilikuwa nimengoja karibu miaka hamsini kumsikia mwanamke yule akikubali kosa. Sikufurahi hata kidogo.

Kesho yake nikawapeleka Downsview, kwenye kliniki ndogo ya masikio ambako Masoomah ana rafiki aliyesoma naye chuoni. Rafiki huyo, Mélissa, ni mtaalamu wa kupima usikivu. Alizaliwa Bukavu, akaletwa Toronto akiwa na miaka tisa, na Kiswahili chake hakijahama nyumbani.

"Karibu, mama. Ikala hapa. Usiogope, haiume."

"Siogopi," akasema Khatijabai, ambaye alikuwa ameushika mkoba wake kwa mikono miwili.

Alimwingiza kwenye kijichumba kisichopitisha sauti, chenye dirisha la kioo, akamvalisha vipokea sauti vya masikioni, akampa kitufe. Kila atakaposikia mlio, hata mdogo kiasi gani, abonyeze. Mimi niliwekwa pembeni nikaamriwa kunyamaza. Nikaona Khatijabai anabonyeza, anabonyeza, anabonyeza, hakosi hata mmoja. Nikaanza kuamini kwamba king'ora ndicho kilichokuwa kibovu. Mélissa akasimamisha mashine, akafungua mlango wa kijichumba.

"Mama, uko naangalia mkono yangu?"

Khatijabai akatazama dari. Kumbe kila mkono wa Mélissa ulipogusa mashine, yeye alibonyeza. Ninamjua, hakukusudia kudanganya. Aliona kuna mtihani, akataka kufaulu. Mélissa alicheka mpaka akashika ubavu, akageuza kiti chake akampa mgongo, wakaanza upya. Safari hii kulipita vipindi virefu ambavyo kidole cha shemeji yangu hakikusogea.

Matokeo yalichorwa kwenye karatasi, mstari unaokwenda sawa kisha unaporomoka. Mélissa alivuta kiti karibu naye, magoti yakakaribia kugusana.

"Ona, mama. Sauti inaingiaka mu tundu ya sikio, inapiga ngozi moja nyembamba. Ile ngozi inatikisika. Nyuma yake kuko mifupa tatu, kadogo kabisa, mdogo kushinda mbeu ya mchele. Ile mifupa inasukuma maji mu kitu moja iko kama konokono. Na mule mu maji kuko nywele, mingi, hauwezi kuziona na macho. Nywele ikiinama, njo ubongo inapata habari."

"Nywele ndani ya sikio," akasema Khatijabai. "Na zangu?"

"Ya kwa mlango inasikiaka sauti ya juu: ndege, king'ora, haradali yako. Ya kule mbali ndani inasikiaka sauti ya chini: ngoma, mlango, sauti ya papa huyu." Papa huyu, yaani baba, nilikuwa mimi. "Sasa kelele yote, ya juu na ya chini, inapitaka kwa mlango kwanza. Njo maana nywele ya mlango inachokaka mbele. Yako ya kule ndani iko vizuri. Ya mlango imeanguka."

"Zitaota tena?"

"Hapana, mama. Zikianguka, ni pour toujours, ni ya milele."

Halafu Mélissa akamwuliza alifanya kazi wapi. Khatijabai akanyoosha kidole dirishani, maana kiwanda kilikuwa mitaa miwili kutoka pale, kiwanda cha makopo ya rangi. Miaka ishirini na sita kwenye mstari wa vifuniko, bati likigonga bati kutwa nzima. Waliwapa vizibo vya masikio, naam, kila Jumatatu pakiti mpya. Yeye alivaa kimoja, cha kulia. Cha kushoto alikiweka mfukoni, kwa sababu alikuwa na uwezo wa kusikia mashine inavyobadilisha sauti kabla haijakwama, na msimamizi alikuwa akija kumwuliza yeye kabla ya kumwuliza fundi. Alijivunia sikio lile. Nyumbani alitusimulia kila Ijumaa ni mara ngapi ameiokoa mashine. Sasa akamsikiliza Mélissa akisema kwamba sikio la kushoto limeumia kuliko la kulia, na kwamba umri umemalizia kilichoanzwa na makopo. Aliinamisha kichwa. Masoomah akamshika bega, na kwa mara ya kwanza tangu awe mkubwa nikamsikia akisema Kiswahili.

"Hukujua, Nanima."

Mélissa akamwazima vifaa viwili vya kusikia, vidogo, vya kukaa nyuma ya sikio, avijaribu kwa majuma mawili. Akamwonya kwamba havirudishi nywele. Vinachukua sauti zile zilizopotea vinazikuza, na ubongo wenyewe utajifunza kuzitambua upya.

Jamani, ile safari ya kurudi nyumbani. Tulipotoka nje alisimama ghafla, akatazama viatu vyake. Chumvi iliyomwagwa njiani kuyeyusha barafu ilikuwa inasagika chini ya soli, na alirudi hatua mbili nyuma ili aikanyage tena. Ndani ya gari akainua mkono.

"Dilawar, gari lako linagonga."

"Ni indiketa, Bhabhi. Nakata kona."

"Imeanza lini?"

"Tangu nilipolinunua."

Akafikiri. "Na hiyo filimbi?"

"Filimbi gani?"

"Pua yako. Inapiga filimbi."

Masoomah alilala kwenye kiti cha nyuma kwa kicheko. Mimi nilizima redio ili anitukane vizuri, na nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nayo kwa muda mrefu. Khatijabai alipofika kwake alifungua bomba la maji akalifunga, akafungua akalifunga, kisha akampigia simu Aliakbar.

Alimwambia kwamba tarehe kumi na tano anataka sufuria zote za dengu, na wale wa Mississauga wakae na dengu lao. Aliakbar akasita. Hapo Khatijabai akasema maneno ambayo mimi nisingethubutu kuyasema kwa niaba yake.

"Likitoka chungu, sitaingia tena jikoni. Nitakaa ukumbini na sahani yangu kama mgeni."

Akamkubalia.

Tatizo ni kwamba haradali hazikuwa zile alizozijua. Kwa vifaa vile zilisikika, alisema, kama mtu anayekunja mfuko wa nailoni chumba cha pili. Kwa hiyo kwa siku sita alikaanga haradali. Alikaanga mchana baada ya adhuhuri, alikaanga kabla ya futari. Masoomah alitoka kazini akaja moja kwa moja, akasimama kando yake, akisema "sasa" zilipoanza, "sasa" zilipopungua, mpaka bibi yake akaweza kusema kabla yake. Jirani wa Kirusi aligonga mlango kuuliza kuna nini, akarudi kwake na bakuli la dengu. Kanzu zangu zote zilinuka haradali hadi Idi.

Tarehe kumi na tano niliingia jikoni nikakuta watu thelathini. Kuna wanaopanga tende, kuna wanaogombania trei, feni kubwa ya kutolea moshi inanguruma juu ya vichwa, na kila mtu anazungumza kwa sauti ya juu ili asikike kuliko feni. Khatijabai alikuwa mbele ya karai. Mafuta yalikuwa tayari. Alitupa haradali, akainamisha kichwa, na nikaona uso wake unabadilika. Vile vifaa vilikuwa vinamkuzia kila kitu kwa pamoja: feni, trei, vicheko, maji. Haradali zilikuwa humo ndani mahali fulani na hakuweza kuzitenga na kelele nyingine. Akaziepua zile haradali zote akazimwaga. Zilibaki dakika kumi na tano kabla ya adhana. Akamimina mafuta mapya, akaniita.

"Dilawar, zima feni. Waambie wanyamaze."

"Wote?"

"Wote. Na wewe pumulia mdomoni."

Nikazima feni. Nikapanda kwenye kreti nikapiga mwiko kwenye sufuria mara tatu, nikawaambia Khatijabai anataka kimya. Nilidhani watacheka. Walinyamaza, thelathini wote, tende mkononi. Sijawahi kulisikia jiko lile likiwa kimya. Akatupa haradali. Moja ikalia. Nyingine. Kisha tatu kwa pamoja, kisha zikaja kwa wingi, sauti ndogo kavu inayorukaruka ndani ya karai, na wote mle ndani tukawa tunasikia kile alichokuwa akikisikiliza peke yake miaka yote hiyo. Msichana mmoja aliyeshika trei alikuwa anatabasamu kama mtoto.

Hapo ndipo Aliakbar, aliyekuwa amesimama hatua moja tu kutoka kwenye karai, alipomgeukia Khatijabai na kuuliza kwa sauti yake kubwa:

"Tunangoja nini? Mafuta hayajapata moto?"

Haradali zilikuwa zinapasuka mbele ya pua yake. Watu wakatazamana. Mimi nilijua mara moja, na nakiri kwamba ulimi uliniwasha. Mtu huyu ndiye aliyetaka kutuletea dengu la Mississauga. Nilifungua mdomo. Khatijabai akanikanyaga mguu kwa kisigino.

"Kidogo tu, Aliakbarbhai," akamwambia kwa upole, akimwita kaka kwa lugha yetu. "Yanakaribia."

Halafu akatia bizari, pilipili na majani ya kari, akahesabu pumzi moja, akamimina. Dengu likapiga kelele, harufu ikapanda, nikawasha feni.

Tulifuturu kwa tende na maji ya uvuguvugu. Khatijabai alikula dengu lake kijiko cha kwanza akiwa amefumba macho, akalifumbua moja kunitazama. Nilikuwa nimeshamaliza bakuli. Ukumbini watoto walirudi kuongezwa, na masufuria yakaja jikoni meupe ndani. Aliakbar mwenyewe alikula mabakuli mawili akasema mbele ya kamati nzima kwamba hajapata kula dengu la namna ile. Khatijabai akamshukuru kwa adabu ambayo mimi sijawahi kuipata.

Watu walipopungua niliwakuta wawili hao kwenye sinki la nyuma. Khatijabai anaosha, mzee amesimama. Nilikuwa nimebeba sufuria, nikasimama mlangoni.

"Aliakbarbhai, zile haradali ulizisikia?"

"Haradali gani?"

"Na mimi nilisema hivyo hivyo. Nikamrudishia mwenye duka kilo nne."

Alivua kifaa cha sikio la kushoto akamwonyesha kwenye kiganja chake chenye maji. Aliakbar akainama kukitazama.

"Wajukuu wangu wakipiga simu kutoka Calgary," akasema, na safari hii sauti yake ilikuwa ndogo, "nampa mke wangu azungumze. Nasema mikono yangu ina kazi. Mwaka wa tatu huu."

Khatijabai hakumwambia pole. Alirudisha kifaa sikioni.

"Jumatatu Dilawar atatupeleka Downsview," akasema. "Nitakaa nje nikungoje."

Aliakbar akatafuta kitambaa, akachukua sufuria lililokuwa karibu akaanza kulikausha, kazi ambayo sijapata kumwona akiifanya tangu nimjue. Alilikausha ndani, akalikausha nje, kisha akamwuliza ni saa ngapi awe tayari.